Jino la Utoto Nalo ni Jino

Mwezi huu barua karibu zote zilizonifikia zinahusu meno ya watoto. Nimezichambua na kuchukua saba. Usipoiona yako, soma ya mwenzako, huenda jibu lako limo humo. Kwa mnaosoma ukurasa huu kwa mara ya kwanza: mimi ni tabibu wa meno, niko kazini tangu 1996, na kiti changu kipo Morogoro.

Yang'olewe, au niyaache yadondoke?

*Shikamoo dokta. Mwanangu ana miaka minne na miezi miwili. Magego yake ya mwisho ya chini, kulia na kushoto, yametoboka. Akila nyama au maandazi analia, nikimtoa chakula kwa kijiti ananyamaza. Kituo cha afya wameniambia yang'olewe yote mawili. Mama mkwe anasema niyaache, ni ya utoto, yatadondoka yenyewe. Nimsikilize nani?*
*Mama wa mtoto mmoja, Mbagala*

Marahaba mama. Kabla ya kumsikiliza yeyote, tupige hesabu. Gego la mwisho la utoto huota mtoto akikaribia miaka miwili na nusu, na hudondoka akiwa na miaka kati ya 10 na 12. Wako ana minne. Kwa hiyo "yatadondoka yenyewe" ni miaka sita au zaidi. Atakuwa amefika darasa la nne au la tano. Miaka yote hiyo atatafuna kwa upande gani, ikiwa pande zote mbili ni mbovu? Na jino la utoto halingoji. Gamba lake gumu la nje ni jembamba, karibu nusu ya lile la jino la ukubwani, na kiini chake chenye mshipa ni kikubwa na kiko karibu na juu. Tundu unaloliona leo likiwa dogo kama punje ya mtama linaweza kufika kwenye mshipa ndani ya miezi michache.

Halafu kuna kazi ya pili ya gego hilo, ambayo wazazi wengi hawajaambiwa. Linamshikia nafasi mwenzake anayekuja. Mtoto akifika miaka sita hivi, nyuma kabisa ya magego ya utoto huota gego jipya la ukubwani. Halisukumi jino lolote, halidondoshi kitu, linatokea tu kimya kimya, ndiyo maana wengi hudhani nalo ni la utoto. Likikuta gego la mbele yake lipo, linajipanga nyuma yake. Likikuta pengo, linateleza mbele na kuliziba.

Nayasema haya kwa sababu niliyafanya kwa mikono yangu. Mwaka 1998 nilikuwa kwenye kituo kidogo cha afya. Kabatini mlikuwa na ganzi, pamba na makoleo, basi. Cha kuzibia jino hakikuwepo. Mama mmoja alimleta binti yake wa miaka mitano, amemfunga kanga kichwani kwa sababu ya maumivu, na gego lake la mwisho la chini kushoto lilikuwa na tundu. Mshipa ulikuwa bado mzima. Nilijua kwamba jino lile lilistahili kuzibwa, nikaling'oa. Alipofika darasa la sita waliniletea tena. Gego la ukubwani lilikuwa limesogea mbele, na jino lililotakiwa kukaa pale nilipong'oa lilikuwa limeota kwa ndani, upande wa ulimi, kama mgeni aliyefika shughulini akakuta viti vimejaa. Kila akizungumza ulimi unaligusa. Mama yake hakunilaumu. Aliniuliza tu kama na hili ling'olewe. Sijalisahau swali lile.

Kwa hiyo, mama, mwanao akaangaliwe upya, na wewe uende na majibu ya maswali haya. Je, maumivu yanakuja chakula kikiingia tu, na ukikitoa yanaisha? Je, huwa anaamka usiku analia bila kula chochote? Je, kuna kipele au uvimbe kwenye fizi chini ya jino? Ulivyoniandikia, inaonekana ni lile la kwanza, na hiyo ni habari njema: yaelekea mshipa ungali hai na jino linazibika.

Kama angekuwa anaamka usiku, bado ningekuwa na la kufanya. Tunampiga ganzi, tunaondoa sehemu ya juu tu ya kiini, ile iliyoungua, tunaiacha ile ya ndani ya mizizi ikiwa bado nzima, tunaweka dawa juu yake na kulifunika jino. Jino linabaki kinywani likifanya kazi hadi siku yake ya kudondoka. Kungekuwa na usaha na jino limelegea, hapo ningekubaliana na wenzangu kwamba ling'olewe, ila ningekuomba uulize kuhusu kishikilia nafasi. Ni waya mdogo unaofungwa kwenye jino jirani ili pengo lisizibwe na gego linalokuja.

Ukirudi kituoni uliza hivi, kwa heshima na kwa sauti: "Jino hili haliwezi kuzibwa, au hapa hakuna vifaa vya kuzibia?" Ni maswali mawili tofauti. Ikiwa ni vifaa, omba rufaa uende hospitali ya wilaya au ya mkoa. Mwenzangu hatachukia. Mimi mwaka ule ningefurahi mzazi angeniuliza.

Ameziba bila mashine, ni halali?

*Tabibu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Walikuja wataalamu wa meno hapa shuleni, wakawalaza watoto juu ya madawati, wakachokonoa meno yao kwa vijiko vidogo na kuyaziba. Hapakuwa na mashine wala umeme. Wazazi wameanza kunijia juu kwamba watoto wao wamefanyiwa kazi ya kijijini, na kwamba mjini meno huzibwa kwa mashine. Niwajibu nini?*
*Mwalimu, Kilosa*

Mwalimu, waambie kazi hiyo ilianzia hapa hapa Tanzania, na dunia nzima ikaja kujifunza.

Katikati ya miaka ya 1980 chuo cha meno cha Dar es Salaam kilikuwa na mpango wa kupeleka huduma kwa jamii. Walikuwa na mashine za kubeba, ila vijijini umeme hakuna, na vyombo vile viliharibika mara kwa mara. Mholanzi Jo Frencken, aliyekuwa akifundisha pale, na wenzake wakaanza kuziba kwa vyombo vya mkono peke yake. Wakaona ziba zile zinakaa. Njia hiyo ikapewa jina la ART (kifupi cha Kiingereza cha kuziba jino bila kuliumiza; si zile dawa za UKIMWI zenye kifupi hicho hicho), ikajaribiwa Thailand na Zimbabwe, na tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa nchi zote. Leo wanaitumia hata nchi ambazo umeme haukatiki, kwa sababu ya jambo moja: mtoto haogopi. Hakuna mlio wa mashine, na mara nyingi hata sindano haihitajiki.

Ngoja niwaeleze kinachofanyika, ili mzazi ajue anachokiona. Mtoto analala, kichwa chake mapajani kwangu au kwenye mto. Naweka vipande vya pamba pembeni ya jino ili mate yasifike. Kama mdomo wa tundu ni mwembamba, naupanua kwa patasi ndogo ya mkono. Kisha nachukua kijiko, si cha chai, ni chombo chembamba ambacho ncha yake ni duara kama kichwa cha kiberiti, na nakwangua kuanzia kingo kuelekea katikati. Sehemu iliyooza inatoka laini, yenye majimaji, rangi ya kahawia kama muhogo uliolowekwa ukapitiliza. Naendelea mpaka kijiko kianze kukwaruza kwa sauti kavu. Kingo zote lazima ziwe ngumu na safi. Katikati, karibu na mshipa, nasimama mapema. Naacha utando mwembamba ulio kama ngozi, kwa makusudi, maana nikiendelea nitaufikia mshipa. Zamani tulifundishwa kukwangua kila kitu. Siku hizi tunajua kwamba uozo uliofungiwa ndani bila chakula unakufa njaa.

Baada ya hapo nachanganya unga na maji yake kwenye kikaratasi. Hiyo ni saruji iitwayo glasi-ayonoma, wenyewe tunaifupisha GIC. Mchanganyiko ukiwa sawa unang'aa. Ukiwa mkavu hauna mng'ao, na hautashika kwenye jino, nautupa nachanganya mwingine. Najaza tundu, napaka kidole chenye glavu mafuta ya vaselini, nabonyeza juu ya jino na kuhesabu polepole. Saruji inazama hata kwenye vijifereji vya juu ya gego. Naparaza iliyozidi, mtoto anauma kidogo nione kama inamzidi, nampaka vaselini tena, na namwambia asile kwa saa moja. Saruji hiyo nayo inatoa madini ya floraidi kidogo kidogo, yanayolisaidia jino.

Wazazi wako wajue na udhaifu wake pia, nisije nikaonekana nawauzia kitu. Ziba ya tundu lililo juu ya gego inadumu vizuri. Tundu lililo katikati ya magego mawili, pale uzi unapopita, ziba yake inang'oka mara nyingi zaidi. Kwa hiyo mtoto ambaye ziba imetoka arudishwe, asisubiri timu ije tena mwakani. Na wewe Mwalimu, kama una orodha ya waliotibiwa, kila muhula waambie wafungue vinywa uangalie. Utakuwa umetusaidia sana.

Dawa inayofanya meno kuwa meusi

*Daktari, msichana wangu ana miaka mitatu. Meno manne ya mbele juu yameoza, yamebaki kama vipande. Hospitali moja hapa Mombasa wamesema wanaweza kupaka dawa ya kuzuia yasiendelee, lakini yatakuwa meusi kabisa. Pia wametaja kofia za chuma kwa magego. Naogopa watoto watamcheka. Na kwa nini yakaoza, mbona simpi peremende?*
*Mama, Kisauni*

Pole mama. Swali lako la mwisho nitalijibu kwanza, kwa sababu lisipojibiwa yote mengine ni bure. Meno ya mbele ya juu yakioza kabla ya miaka mitatu, na ya chini yakiwa mazima kwa kuwa ulimi huyafunika, nauliza analala na nini. Chupa ya maziwa yenye sukari? Chai ya maziwa? Juisi? Mtoto akilala mate hupungua, na mate ndiyo yanayosafisha kinywa na kuua tindikali. Kile kitamu kinakaa kwenye meno usiku kucha, wadudu wa kinywani wanakila, wanatoa tindikali, na tindikali inalimomonyoa jino. Wala si lazima iwe peremende. Chupa ya usiku iwe ya maji matupu. Utapata siku tatu nne za kilio, jikaze. Na umpige mswaki wewe mwenyewe, asubuhi na usiku, kwa dawa ya meno yenye floraidi ya 1000 au zaidi (angalia nyuma ya pakiti, huandikwa ppm), kiasi cha punje moja ya mchele. Akizidi miaka mitatu, weka kiasi cha punje ya njegere. Mtoto wa umri huo hawezi kujisafisha, hata akiushika mswaki kwa ustadi.

Sasa dawa yenyewe. Inaitwa silva daiamini floraidi, nguvu yake ya kawaida ni asilimia 38. Ina madini ya fedha yanayoua wadudu na floraidi inayolikaza jino. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na GIC niliyomwelezea Mwalimu. Tone moja linatosha meno kadhaa. Nakausha jino kwa pamba, napaka vaselini midomoni, nagusisha dawa kwa kibrashi, nasubiri dakika moja, kwisha. Haiumi. Mtoto atalalamika ladha tu, ni kama ya chuma.

Walichokuambia kuhusu rangi ni kweli. Palipooza pataganda na kuwa peusi, na weusi hautoki. Palipo pazima hapabadiliki. Ikidondokea ngozi, doa linakaa siku kadhaa na kuondoka lenyewe. Kwenye leso yako halitatoka kamwe, basi siku hiyo usivae unayoipenda. Inahitaji kurudiwa, kwa kawaida kila baada ya miezi sita. Na haifai kwa jino ambalo uozo umeshafika kwenye mshipa au lina usaha.

Mimi ninaipenda dawa hii kwa mtoto mdogo anayepiga kelele kitini, kwa sababu inatununulia muda. Meno ya mbele ya utoto hudondoka kuanzia miaka sita au saba. Ukimpaka leo na uozo ukasimama, akiwa na miaka minne au mitano na amezoea kiti, kama mabaki yanatosha tunaweza kufunika weusi kwa GIC au ziba nyeupe. Ukikataa kwa ajili ya rangi, fikiria pia rangi ya kahawia iliyopo sasa, na usiku wa maumivu unaokuja. Ila wewe ndiye mama, na hofu yako ya mtoto kuchekwa si ndogo. Zungumza na daktari wako kuhusu magego tu kwanza, meno ya mbele mfikirie pamoja.

Kofia za chuma zikubali kwa moyo mmoja. Kwa gego la utoto lililooza pande mbili hakuna ziba inayozishinda kudumu. Kuna njia nzuri inayoitwa ya Hall, kwa jina la Norna Hall, daktari wa meno wa Uskoti. Alikuwa akivalisha kofia juu ya gego bovu bila ganzi na bila kulichimba, na mwaka 2006 matokeo ya kazi yake yalichapishwa. Siku chache kabla, mtoto huwekewa viduara vya mpira katikati ya magego vipate kutanua nafasi. Siku yenyewe kofia hujazwa saruji, huvalishwa, na mtoto huambiwa ang'ate kwa nguvu. Kwa wiki moja au mbili ataona kama anauma juu ya kitu kirefu, kisha meno yanajipanga. Kofia inadondoka na jino lake wakati ukifika. Wapo watoto wanaoziringia shuleni kwa kuwa zinang'aa.

Meno ya kahawia, Arusha

*Dokta, mwanangu wa miaka tisa meno yake ya ukubwani yametoka na madoa ya kahawia. Yameoza? Nimnunulie dawa ya kuyasugua?*
*Baba, Ngaramtoni*

Baba, kwa mahali unapotoka nadhani ni floraidi iliyozidi kwenye maji, si uozo. Uozo hulainisha na kutoboa. Floraidi huacha mistari au madoa kwenye jino gumu, na huyaona yakifanana kushoto na kulia. Hutokea jino likiwa bado linaumbwa ndani ya fizi, ndiyo maana lilitoka nalo. Usiyasugue kwa mkaa wala mchanga, utamaliza gamba na doa litabaki. Daktari anaweza kupunguza doa au kulifunika kwa ziba nyeupe, na hilo linaweza kungoja kidogo hadi fizi zitulie.

Kama ana wadogo zake, hao ndio wa kuwahi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya huko kwenu vinapita hapo. Kuchemsha hakuondoi floraidi, maji yakipungua yenyewe inazidi kukolea. Maji ya mvua kwa kunywa na kupikia, au chujio la mkaa wa mifupa kama linalotengenezwa kituo cha Ngurdoto, yatawasaidia. Na mama apunguze magadi kwenye makande na maharage ya watoto, kwa sababu magadi nayo yana floraidi nyingi.

Shavu limevimba, nimempa amoksilini

*Habari tabibu. Kijana wangu wa miaka saba jino lilimuuma wiki, likaacha. Juzi shavu likavimba. Nilinunua amoksilini duka la dawa, uvimbe umepungua. Nimalizie dozi halafu niache?*
*Baba wa watatu, Dodoma*

Hapana, usiishie kwenye dawa. Jino lililouma sana kisha likanyamaza lenyewe mara nyingi limekufa. Mshipa umeoza, hauna tena wa kulia, na usaha umeshuka kwenye mfupa. Dawa imepunguza uvimbe lakini shimo lenye uchafu lipo pale pale, na utarudi mwezi ujao. Mpeleke wiki hii jino lisafishwe ndani au ling'olewe. Usimnunulie tetrasaikilini kwa kubahatisha, inaweza kuyatia rangi meno yanayoendelea kuumbika kwa watoto walio chini ya miaka minane.

Na ukiona uvimbe unapanda hadi jicho linafumba, au unashuka chini ya kidevu, au hawezi kufungua mdomo, kumeza mate kumekuwa shida, ana homa kali, ondoka naye saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane. Hapo si suala la jino tena.

Meno ya nailoni

*Mwanangu, mimi ni bibi. Mjukuu wangu ana miezi saba, anaharisha na ana homa. Jirani amemwangalia fizi akasema ana meno ya nailoni, yatolewe upesi kabla hayajamuua, kuna mzee anayajua. Mama yake amekataa, tumekosana. Nawe unasemaje?*
*Bibi, Manyoni*

Shikamoo bibi. Nimefurahi umeniuliza kabla ya kwenda kwa mzee huyo, na nakuomba kwa magoti mwache mjukuu kama alivyo.

Ule uvimbe mweupe unaoonyeshwa kwenye fizi, pale chonge zinapokuja kuota, ni chonge zenyewe. Katika miezi saba jino hilo bado ni changa, laini, halijagandamana, ndiyo maana wanaolichimbua wanamwonyesha mama kitu cheupe chenye kuteleza kama nailoni, naye anaamini. Kila mtoto mzima anazo. Hazileti homa wala kuharisha. Mtoto wa umri huo anaanza kutambaa, anaokota, anaweka kinywani, ameanza uji, ndipo anapoharisha.

Wanaochimbua hutumia wembe, sindano au njiti ya baiskeli. Nimewaona watoto waliotoka huko: aliyevuja damu hadi akapauka viganja, na aliyekuja na fizi zimeoza. Pepopunda na virusi vya UKIMWI vinaweza kupita njia hiyo hiyo. Na aliyepona naye, yake hayajaisha. Chini kidogo ya chonge ya utoto imelala mbegu ya chonge ya ukubwani, na chombo kikipita hakichagui. Nina mgonjwa wa miaka kumi na moja ambaye chonge zake mbili za chini zimetoka zimepinda, gamba lina mashimo, moja limeanza kuoza. Namziba kila baada ya miezi kadhaa. Alichimbuliwa akiwa na miezi minane.

Mjukuu anahitaji maji ya chumvichumvi ya ORS na vidonge vya zinki, aendelee kunyonya, na apelekwe kituo cha afya leo kwa ajili ya homa. Na bibi, mkamate mkono mama yake umwambie alikuwa sahihi. Atakuheshimu zaidi.

Jino limeng'oka mpirani

*Dokta, mwanangu wa miaka tisa aligongwa kwenye mpira, jino la mbele likang'oka zima. Tulilifunga kwenye karatasi, tukafika hospitali kesho yake, wakasema limekufa. Tungefanya nini? Nina wengine wanaocheza.*
*Mama, Tanga*

Pole sana mama. Hamkukosea kwa uzembe, ni jambo ambalo hamkuambiwa, kwa hiyo wasomaji wote walisikie. Jino la ukubwani lililong'oka zima linaweza kurudishwa, na kila dakika ina thamani. Ndani ya nusu saa matumaini ni makubwa. Lilikufa kwenye karatasi kwa sababu kwenye mzizi kuna utando ulio hai, nao ukikauka umekufa.

Lishikwe sehemu nyeupe ya kutafunia, mzizi usiguswe. Likiwa na mchanga lisuuzwe kwa maziwa, au kwa maji safi kwa sekunde chache, bila kusuguliwa. Kama mtoto ametulia, lirudishwe pale pale kwenye tundu lake, upande wa mbele ukitazama mbele, aume leso safi, mwende hospitali. Mkishindwa, litumbukizwe kwenye kikombe cha maziwa ya ng'ombe baridi, si ya unga yenye sukari, na mwende nalo hivyo. Maziwa yakikosekana, mtoto atemee mate kwenye kikombe, jino likae humo. Hospitali watalifunga kwa meno jirani kwa wiki mbili hivi. Mtoto wa miaka mitatu au minne akiling'oa la utoto, hilo halirudishwi, kwa sababu litaumiza la ukubwani lililo juu yake, ila apelekwe akaangaliwe.

Likivunjika kipande tu, tafuteni kile kipande na mje nacho kwenye maji, mara nyingi tunaweza kukigandisha.

Kwa mwanao wa sasa, pengo lisiachwe wazi. Uliza hospitali ya mkoa kuhusu jino la kubandika la muda, linalokaa kwenye kipande cha plastiki cha rangi ya fizi na kuvuliwa usiku. Litabadilishwa jinsi taya linavyokua, mpaka atakapofika umri wa kuwekewa la kudumu. Na kwenye mkoba wa mpira wa hao wengine, weka kikombe chenye mfuniko. Maziwa mtayapata kwa mama ntilie yeyote jirani na uwanja.